Barua ya Wazi kwa Maafisa Rasilimali Watu: Uzoefu Ninao, Muhuri Ndio Sina

Kwa Maafisa Rasilimali Watu wote,
Serikalini, mashirika ya umma na kampuni binafsi,
Tanzania.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KIJANA MWENYE UZOEFU USIOTAMBULIKA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya uhasibu, katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Nina akili timamu, afya njema na namba ya NIDA. Kwa heshima na taadhima naomba kujieleza mbele yenu, kwa kuwa ninyi wenyewe hamchoki kutuambia kwamba vijana wa siku hizi hatujui kujieleza.

Nianze kwa pongezi. Tangazo lenu la nafasi ya karani wa hesabu, ngazi ya chini kabisa, linamtaka mwombaji awe na shahada, umri usiozidi miaka 25 na uzoefu usiopungua miaka 3. Nimekaa chini nikapiga hesabu. Mtoto akianza darasa la kwanza ana miaka 7, akasoma msingi miaka 7, sekondari miaka 4, kidato cha tano na sita miaka 2 na chuo miaka 3, bila kufeli, bila kuugua na bila ada kukwama, anahitimu akiwa na miaka 23. Mwongezeeni uzoefu wenu wa miaka 3: anatimiza vigezo vyote siku anapovuka umri. Siamini kwamba mmekosea. Naamini mlikuwa mnapima nani anajua kujumlisha. Nimejumlisha, alama zangu za usaili naomba zihifadhiwe.

Sasa nije kwenye sifa zangu. Chuoni tumefundishwa kuandika wasifu. Mtaalamu alikuja na suti yake, akatugawia kiolezo kimoja, nasi tukakijaza kwa utiifu. Ndiyo maana darasa letu lote leo ni wachapakazi, wabunifu, wepesi wa kujifunza, tunaoweza kufanya kazi peke yetu na katika timu, chini ya shinikizo na bila kusimamiwa. Sifa hizo anazo hata yule mwenzetu ambaye jina lake hulikuta kwenye kila kazi ya kikundi, ila sura yake hakuna anayeikumbuka. Tukaelekezwa pia namna ya kujibu swali lenu pendwa, lile la udhaifu. Jibu sahihi ni kwamba udhaifu wetu mkubwa ni kupenda kazi kupita kiasi. Mtalisikia jibu hilo kutwa nzima ya usaili, na najua mtaliandika kwenye fomu bila kucheka. Huo nao ni ujuzi, nami nauheshimu.

Uzoefu wangu rasmi ni wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nilipokelewa katika ofisi moja, nikapangwa masijala. Hapo nilijifunza mashine ya fotokopi inakwama wapi na inafunguliwa vipi, nani anakunywa chai ya rangi na nani ya maziwa, na chapati za mama wa getini huisha saa ngapi. Mafaili ya hesabu niliyaona kwa mbali, kabatini, nyuma ya kioo. Nauli nilijitegemea. Ilipofika zamu ya kujaza kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, msimamizi wangu, mtu mwema kabisa, alinielekeza niandike kwamba nilishiriki katika uratibu wa nyaraka za fedha na kuimarisha mahusiano ya wadau wa ndani. Wadau wa ndani ni wale wa chai ya maziwa. Siku ya mwisho akasaini kurasa zote kwa mkupuo, akagonga muhuri wa duara wenye wino wa bluu. Kuanzia saa ile nikawa mtu mwenye uzoefu.

Upo uzoefu mwingine ambao kiolezo hakikuwa na kisanduku chake, nao naomba niueleze taratibu kwa sababu hauna muhuri.

Karibu na hosteli yetu kipo kibanda cha uwakala wa pesa. Mwenyewe ana shughuli nyingine, kwa hiyo jioni na wikiendi nakaa mimi. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, vibanda vya namna hii vimekuwa benki ya mtaa, na mtu anayekaa ndani yake ndiye keshia, mhasibu, mlinzi na idara ya malalamiko. Mteja akitoa, fedha taslimu zinapungua na floti, yaani salio la uwakala, inapanda. Akiweka, kinyume chake. Jioni, taslimu iliyomo kwenye droo ukijumlisha na floti iliyomo kwenye laini lazima irudi kwenye mtaji ulioanza nao asubuhi. Isiporudi, pengo linazibwa na mimi. Mhadhiri wetu hutumia muhula mzima kutufundisha usuluhishi wa hesabu. Mimi nimeujifunza kwa kuogopa kulala njaa.

Siku boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, linapoingia ndiyo mtihani wenyewe. Wanafunzi wote wanataka kutoa, hakuna anayeweka. Kufikia mchana floti imejaa pomoni na droo imebaki na sarafu. Ukisubiri siku hiyo ndipo uanze kutafuta taslimu, umekwisha; foleni inahamia kwa jirani na hairudi. Inabidi usome dalili mapema, utoe fedha benki siku iliyotangulia, na uwe umeelewana na muuza duka la jumla ambaye anahitaji floti jinsi wewe unavyohitaji noti. Wakati huohuo unaandika daftarini kila muamala: saa, kiasi, jina, kitambulisho, sahihi. Nyuma kuna sauti inauliza kama umelala.

Jioni moja alikuja mama akiwa ameishika simu kama kitu kinachowaka. Alitaka kutuma shilingi laki mbili, haraka, mwanawe amelazwa na daktari anadai fedha kwenye namba hii hapa. Nikamwomba kitu kimoja tu: mama, hebu mpigie kwanza mwanao kwa namba yake ile ya siku zote. Akanikasirikia. Akapiga. Mtoto akapokea, mzima wa afya, akauliza kuna nini nyumbani. Mama akakaa kwenye ndoo, akahesabu tena noti zake, akaniombea dua ndefu. Kazi hiyo benki kubwa zinaiita udhibiti wa vihatarishi na kuilipia mshahara mnono. Mimi dua niliipokea.

Nilipoonyesha rasimu ya wasifu wangu kwa watu wa ushauri wa ajira, walinishauri habari za kibanda nizifute. Zinashusha hadhi, walisema, tena hazina barua. Fotokopi zikabaki.

Waheshimiwa, sidai jambo geni. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Seremala aliyejifunza chini ya mwembe, bila kuingia darasani, anapewa kazi mbele ya mpimaji, mikono yake inaangaliwa, akiiweza anapewa cheti. Hakuna anayemuuliza udhaifu wake. Nchi hii, basi, inajua kabisa namna ya kumpima mtu kwa kumtazama akifanya kazi. Ila maarifa hayo yakifika kwa mwenye shahada yanapotea, na mahali pake panakaa wadhamini watatu.

Nimewatafuta hao watatu. Wa kwanza ni mhadhiri ambaye darasani tuko mamia, ananifahamu kwa namba ya usajili na amekubali kuithibitishia tabia njema namba hiyo. Wa pili ni msimamizi wa fildi, mwenye muhuri. Kwa nafasi ya tatu napendekeza Bodi ya Mikopo, inayonisomesha. Hakuna anayenitakia kazi kwa moyo safi kuliko wao, maana sheria inamtaka mwajiri awakatie asilimia 15 ya mshahara wangu kila mwezi.

Ombi langu ni dogo. Mkitangaza nafasi ya chini, ondoeni miaka 3 ya uzoefu, au semeni kweli kwamba mnamtaka mtu aliyefundishwa kwa gharama za mwingine. Siku ya usaili, badala ya kuniuliza nitakuwa wapi baada ya miaka 5, niwekeeni mezani daftari la hesabu lenye pengo na saa moja ya kulitafuta. Anayeliona aitwe kazini. Asiyeliona aende salama, hata kama kiolezo chake kina rangi mbili. Na kama mnawapokea wanafunzi wa fildi, wafungulieni lile kabati. Chai tutaendelea kuwaletea.

Najua utaratibu huu una kasoro kubwa: ukipima watu kwa kazi, kimemo cha mkubwa hakisaidii kutafuta pengo kwenye daftari. Naelewa ugumu wa kuachana na mfumo ambao umewaajiri wengi wenu, na siwaharakishi.

Nitafurahi kama maombi yangu yatafikiriwa. Usaili naweza kuja siku yoyote, isipokuwa siku ya boom.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi, mwaka wa tatu.

Viambatisho: barua ya fildi yenye muhuri, daftari la uwakala lisilo na muhuri.

Nakala: Mjomba mwenye cheo (bado namtafuta).