Heko Makocha wa Kahawa

Wapo wanaosifiwa kwa kutibu wagonjwa, wapo wanaosifiwa kwa kujenga madaraja. Hao wametosha. Leo sifa ziwaendee watu ambao hawajawahi kuokoa hata mpira mmoja wa kona: wale wanaume wanaokaa kwenye benchi la muuza kahawa, kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala, wakashinda hapo wakibishana nani aanze namba tisa. Wake zao wanawasema. Mabosi wao wanawapigia simu zisizopokelewa. Klabu wanazozipenda kufa na kupona haziwajui hata kwa sura. Mtu anayelaumiwa kila upande namna hiyo anastahili wakili, na kwa kuwa hajajitokeza mwingine, nitasimama mwenyewe.

Nianze na gharama. Kocha wa kweli ni ghali. Analetwa kwa ndege kutoka Brazil au Argentina, anatafutiwa nyumba, anapewa gari, halafu siku yoyote anaitwa ofisini. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1, na kabla wiki haijaisha Mbrazili Robertinho hakuwa na kazi tena Msimbazi. Ungedhani basi aliyeshinda siku ile, Miguel Gamondi, amejihakikishia maisha. Aliwapa Yanga ubingwa wa 2023/24, na Novemba 2024 naye akafungashiwa virago. Akaja Sead Ramovic, ambaye kufikia Februari 2025 alishahamia Algeria. Akapokea Miloud Hamdi, akamaliza msimu na kombe mkononi. Wakati wote hao wakipishana uwanja wa ndege, kocha wa kijiweni hakuyumba. Alikuwa pale pale, benchi lile lile, na kikosi chake mfukoni ambacho hakuna aliyemwomba. Hana mkataba wa kuvunjwa wala fidia ya kudai. Ujira wake ni kashata moja, na hiyo nayo mara nyingi ameikopa.

Tazama na vifaa vyake. Klabu kubwa ina ubao wa mbinu wenye sumaku na kalamu za rangi. Wa kijiweni ni ubao wa drafti. Hoja ikikolea, wanaocheza wanaombwa wasimame kwanza, vizibo vya soda vinafagiliwa pembeni, kisha vinapangwa upya: kipa, mabeki wanne, namba sita wawili, watatu mbele yao, na kizibo kimoja kinasukumwa juu peke yake. Huyo ndiye tisa. Kuanzia hapo vile vingine kumi havina kazi. Mkono wa huyu unakishusha kizibo kile kidogo ili "aje achukue mpira", mkono wa yule unakirudisha juu ili "asitoke ndani ya kumi na nane". Kahawa inapoa. Muuza kahawa mwenyewe, ambaye ni Simba na mada ya leo ni Yanga, anaosha vikombe kwenye ndoo kwa kelele kubwa kuliko inavyohitajika. Na yule mzee aliyekuwa karibu kushinda drafti atalalamika hadi magharibi kwamba ameporwa kingi.

Wanaosema ubishi huu hauna maana wakumbuke Fiston Mayele alivyoondoka. Mkongomani yule alitua Jangwani, kwa Yanga, mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 16 ya ligi, akazidiwa bao moja tu na George Mpole wa Geita Gold. Msimu uliofuata akafunga 17, akalingana kileleni na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na juu ya hayo akatupia saba kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, ambako Yanga ilifika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Akifunga anatetema, na nchi nzima ikatetema naye, mpaka maharusi ukumbini. Kisha 2023 Pyramids ya Misri ikamchukua.

Kijiwe hakikukaa matanga. Kiliingia kazini siku hiyo hiyo. Hafiz Konkoni? Apewe muda, ila muda wenyewe hatuna. Kennedy Musonda? Mzuri, lakini anataka mwenzake pembeni yake. Clement Mzize? Bado mtoto. Dirisha dogo la Januari 2024 akaongezwa Joseph Guede, na kijiwe kikapata chakula cha miezi mitano. Kila jioni kikao kilifungwa kwa azimio moja, kwamba hatuna straika.

Wakati azimio hilo likipitishwa jioni baada ya jioni, kiungo Stephane Aziz Ki alikuwa anafunga. Alimaliza msimu wa 2023/24 na mabao 21, mfungaji bora wa ligi. Aliyemfuata kwa 19 ni Feisal Salum wa Azam, kiungo vilevile. Hata ile tano ya Novemba, straika alifunga moja tu, ya Musonda. Nne zilizobaki zilitoka kwa Maxi Nzengeli, Aziz Ki na Pacome Zouzoua, watu wa nyuma ya tisa. Msimu uliofuata ikawa zamu ya vijiwe vya Simba kugawanyika, Leonel Ateba au Steven Mukwala, huyu wa Cameroon, yule wa Uganda, na ndugu wakanuniana. Wote wawili wakamaliza na mabao 13. Mfungaji bora wa ligi alikuwa Jean Charles Ahoua, kiungo wa Simba hiyo hiyo, kwa 16.

Misimu miwili mfululizo, basi, namba kumi wamewapiku namba tisa. Mtu dhaifu angesalimu amri. Angesema huenda mpira wa sasa hauhitaji lile jitu la kusubiri krosi, huenda makocha walijua wanachofanya. Kijiwe si dhaifu. Jibu lake nililisikia kwa masikio yangu na bado nalitafutia ufa: "Unaona sasa? Tungekuwa na straika, viungo wetu wasingehangaika kufunga." Huo ni uthabiti. Ushahidi ukija unapokelewa, unakaribishwa kahawa, unaombwa usogee kidogo watu waendelee.

Hesabu zao nazo zinastahili heshima. Mfungaji wa timu pinzani hahesabiwi mabao yake yakiwa mabichi. Kwanza toa penalti, kwa kuwa penalti hata kipa anafunga. Toa aliyowafunga wanaoshuka daraja. Toa yaliyopatikana timu ikiwa tayari inaongoza kwa mawili, maana hapo mabeki walishakata tamaa. Toa ya kichwa, kwa sababu ile ni kazi ya aliyepiga krosi. Kinachobaki ndicho halali yake, na sijawahi kusikia kinazidi matatu. Wa kwetu hahesabiwi hivyo. Wa kwetu anaongezewa na yale yaliyogonga mwamba.

Na msidhani ni watu wenye kinyongo. Hakuna wanaosamehe upesi kama wao. Prince Dube alipotoka Azam kwenda Yanga mwaka 2024, mabao ya ligi yalichelewa, na kijiweni jina lake lilitajwa pamoja na neno garasa mara nyingi kuliko pamoja na jezi yake. Desemba akaipiga Mashujaa matatu peke yake. Waliomwita garasa walikuwa wa kwanza kueleza kwamba wao walimwelewa tangu siku ya kwanza, ila alikuwa hapewi mipira. Msimu ulipoisha alikuwa na 13. Ni ndoa ngapi mnazozijua zinazopata msamaha mnono kiasi hicho bila kikao cha wazee?

Lakini kilele cha usomi wao ni Mzize. Kijana huyu amekulia timu ya vijana ya Yanga, ana mbio na hachoki, na msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 ya ligi, moja zaidi ya Dube. Agosti 2025, kwenye CHAN, akaifungia Taifa Stars yote mawili ilipoishinda Madagascar 2-1 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwa nchi nyingine hapo mjadala ungeisha. Hapa ndipo ulipoanzia.

"Babu, yule dogo ni winga. Ana kasi, mpe nafasi pembeni akimbie."

"Winga gani wa mabao kumi na nne?"

"Kayafunga akitokea pembeni."

"Katokea pembeni akaenda wapi, mzee? Si kati? Sasa anayefungia kati tunamwita nani?"

"Tunamwita winga aliyepotea njia."

Aliyesema hivyo ni dereva wa bodaboda, na pikipiki yake ilikuwa na abiria, mama mmoja mwenye kapu la samaki, ameshakaa na kofia kichwani. Alivumilia mpaka uvumilivu ukaisha. "Kaka," akasema, "awe tisa, awe kumi na moja, mimi Temeke nafika saa ngapi?" Wakageuka wote wakamtazama, kisha mmoja akaitikia kwa kichwa, taratibu, akasema hilo nalo ni swali la msingi: winga akichelewa kufika, tisa anafanya nini? Wakaanza upya.

Wapo watakaonikumbusha wachambuzi wa redioni, wenye vipaza sauti, takwimu na wadhamini. Sina neno nao. Ila mchambuzi wa redio akikosea analipwa, wa kijiweni akikosea anataniwa mwezi mzima na watu wanaojua nyumbani kwake. Nani hapo anayebeba hatari? Isitoshe, huyu wa pili huweka fedha yake kwenye maneno yake. Mkeka wake wa kubeti huchanika karibu kila Jumamosi, na Jumatatu yuko tayari kumfundisha mwingine namna ya kuusuka.

Nakiri kuna hasara. Kuna fundi seremala ambaye kitanda cha mteja wake kimekaa bila chaga tangu usajili ulipofunguliwa. Kuna chai zilizopoa, watoto waliosubiri langoni mwa shule, na simu zilizokatwa katikati kwa sababu mtu ametamka "tisa bandia" na haikuwezekana kumwacha bila kujibiwa. Lakini pimeni na faida. Yanga na Simba, ambao siku ya mechi hutenganishwa majukwaa, hapa wanagusana mabega kwenye ubao mmoja wa mita mbili na kulipiana kahawa. Mpagazi anamkatisha kauli mwenye duka, na mwenye duka anasema "ngoja amalize". Nje ya kijiwe hilo silioni mara nyingi.

Nina ombi kwa viongozi wa klabu zetu mbili za Kariakoo. Mabao mnayo, viungo wanayaleta. Hata hivyo dirisha lijalo likifunguliwa, nawasihi, sajilini straika. Awe mrefu kiasi cha kuleta utata, awe na misimu miwili mizuri na mmoja wa kutia shaka, na video fupi ambayo haionyeshi mguu wake wa kushoto. Msimpange kama hamtaki. Mleteni tu.