Mlisema Nyuma Ififie: Barua ya Wazi kwa Kamati za Harusi

Kwa Wenyeviti, Makatibu na Waweka Hazina,
Kamati Zote za Harusi,
Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele hadi Bungoma.

KUH: PICHA ZENYE UKUNGU

Waheshimiwa,

Nimepokea kwa unyenyekevu uamuzi wenu kwamba lenzi yangu ni ya bei rahisi. Ni kweli tupu. Ndiyo iliyotoshana na fungu langu, lile linaloandikwa mwisho wa bajeti, chini ya hema, kuku, soda na mafuta ya gari la mwenyekiti. Ni lenzi ya milimita 50, f/1.8, ya muundo ambao Canon iliutoa mwaka 2015. Uzito wake ni gramu 160, kwa hiyo hata kwenye bodaboda haijawagharimu nauli ya ziada.

Nyinyi ndio mlioazimia, na katibu akanakili, kwamba picha ziwe za kisasa: nyuso zing'ae, nyuma ififie. Kazi hiyo lenzi hii inaiweza. Nikiifungua yote, inapitisha nuru karibu mara 10 ya ile inayopitishwa na lenzi iliyokuja na kamera, ikiwa imevutwa hadi mwisho kwenye f/5.6. Ila nuru hiyo haiji bure. Kwa kamera yangu, nikiwa mita 2 kutoka kwa maharusi, sehemu inayotoka wazi ina kina cha sentimita 11 hivi. Bwana harusi akijitokeza mbele nusu hatua, mmoja wao ataonekana na mwingine itabidi akisiwe.

Sasa tuje kwenye picha iliyowafanya mwitishe kikao cha dharura. Keki inakatwa. Maharusi wako shavu kwa shavu, nukta ya kulenga nimeiweka kwenye jicho la bibi harusi lililo karibu nami, na kope zake zinahesabika. Ghafla kofia inachomoza kati ya mabega yao: Mheshimiwa Mwenyekiti amekuja kukagua kisu. Picha ilipofika kikaoni, mkauliza kwa nini uso wa mwenyekiti umekuwa kama uji. Waheshimiwa, mlisema nyuma ififie. Mwenyekiti alikuwa nyuma.

Kuhusu saa, ratiba ilisema keki ni saa nane mchana. Hotuba za wageni waalikwa zikaisukuma hadi saa kumi na mbili unusu jioni, chini ya hema la rangi ya zambarau, huku DJ akiwamulika maharusi kwa taa za kijani. Hapo mota ndogo ya lenzi ilikwenda mbele ikarudi nyuma, ikitafuta uso wa mtu ndani ya giza mliloliidhinisha. Mngeniita saa nane, ningeifunga lenzi kidogo hadi f/2.8. Nuru ingepungua hadi asilimia 40 hivi, lakini mchana iko ya kutosha. Picha ingekuwa kali zaidi, na zile sentimita 11 zingekuwa 17. Usiku sina nuru ya kugawa.

Na wacheza kamabeka je? Mabega yanayotikisika vile yanataka kasi ya 1/500 ya sekunde. Kwenye giza lenu ilibidi nishuke hadi 1/60, mabega yakaandikwa mara mbili. Mkasema lenzi imechoka. Lenzi ilikuwa imetulia tuli; waliokuwa wakiruka ni wakwe zenu.

Kwa kuwa kamati haifanyi jambo bila maazimio, naomba kikao kijacho kipitishe haya:

1. Keki ikatwe kabla ya hotuba. Mheshimiwa atahutubia hata gizani; sauti haihitaji nuru.

2. Maharusi wasimame ukingoni mwa hema wakitazama nje, si katikati chini ya pambo lililowagharimu zaidi kuliko mimi.

3. Bwana na bibi walingane mstari mmoja, macho yao yawe umbali sawa kutoka kwa kamera, wasimame mita kadhaa mbele ya pazia. Ukungu mnaoupenda unatokana na umbali huo wa kutoka kwenye pazia.

4. Atakayetaka kuonekana aje mbele. Atakayesimama nyuma atahesabiwa kuwa sehemu ya mapambo.

5. Shangazi mwenye tableti apewe kiti cha heshima, mbali na njia ya kanisani.

Nimesikia pia pendekezo la kukodi mpiga picha wa Nairobi mwenye lenzi ya bei ya ng'ombe watatu. Karibuni. Lenzi yake ikifunguliwa hadi f/1.2, kina cha ile picha ya keki kitashuka hadi sentimita 7 hivi. Mwenyekiti atafifia kwa gharama kubwa zaidi.

Mwisho, salio langu bado liko kwa mweka hazina, na kila nikiuliza nazungushwa. Mlipoagiza ukungu, sikumbuki salio likitajwa.

Wenu mtiifu,
Mpiga Picha (kipengele cha mwisho katika bajeti)