Mbu na Jibini ya Limburger

Katika miji ya Ulaya muungwana huulizwa jibini aipendayo kama aulizwavyo madhehebu yake, na ole wake ajibuye kwa pupa. Maana mwenye kutaja Cheddar huhesabiwa kuwa mtu wa vivi hivi, mwenye kutaja Roquefort, ile ya maziwa ya kondoo iliyolazwa mapangoni Ufaransa mpaka ikaota ukungu wa buluu, hupewa kiti cha mbele, na mwenye kuitamka Limburger bila ya kuziba pua huinukiwa na hadhirina wote, baadhi yao kwa taadhima, waliosalia kwa kutafuta dirisha.

Basi Bart Knols, mtaalamu wa Kiholanzi aliyepata kufanya kazi Ifakara nchini Tanzania, pamoja na mwenziwe Ruurd de Jong, waliitia Limburger katika mizani ya elimu, wakabainisha kwamba bakteria wakaao juu ya ganda lake lenye utelezi ni jamaa wa karibu wa wale wakaao baina ya vidole vya miguu yetu, na kwamba mbu jike aenezaye malaria huiendea harufu ya jibini hiyo kama aiendeavyo ya nyayo za binadamu. Mwaka 2006 wakatunukiwa Ig Nobel, tuzo ya utafiti uchekeshao kwanza, kisha ukafikirisha.

Kumbe huyu mdudu wetu, tuliyemdhania hana asili wala fasili, ana pua ya kimwinyi; ila yeye, tofauti na waungwana wale wa jibini, hahitaji divai wala hotuba ndipo aungame kwamba akipendacho ni miguu.