Paka Asiyeonekana

Katika hidaya zote ambazo intaneti imewatunukia watoto wa zama hizi, sijui iliyo njema kuliko Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na wataalamu wa chuo cha MIT kule Marekani, ambayo mtoto wa miaka 8 hadi 16 huitumia bila ya malipo, akiunganisha vipande vya amri vya rangi mbalimbali hadi paka mmoja wa rangi ya machungwa akatii. Wala sijui iliyokaribia zaidi kuivunja posa ya binti yangu.

Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekwisha kuketi sebuleni, halua imekatwa, kahawa iko mkononi, na msemaji wao, mzee wa kilemba na ufasaha, ametoka katika salamu anaingia katika maudhui, mara ikasikika nyau juu ya kabati. Akanyamaza kwa adabu; akaanza tena; nyau. Kijana mmoja akafungua mlango kumtoa paka asiyekuwapo, na bibi mmoja, alipotambua kwamba sauti yatoka mahali pasipo na kiumbe, akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Hapakuwa na jini, bali spika isiyo na waya, iliyoachwa wazi tangu asubuhi tulipokuwa tukisikiliza kasida. Na laptopu iliyounganishwa nayo ilikuwa chumba cha pili, ambako mjukuu wangu alikuwa ametia mlio wa paka ndani ya kile kipande kinachorudia amri bila ya kikomo, akabofya bendera ya kijani, akaenda zake chuoni. Lugha ya Logo, iliyoitangulia Scratch, waliyoibuni Seymour Papert na wenziwe mwaka 1967, ilikuja kumpa mtoto kobe wa kumwongoza. Na kobe ni mnyama mwenye haya, hasemi. Laiti wangaliishia hapo!

Mwamu wangu, fundi wa redio mstaafu ambaye hajapata kukiri kushindwa na chombo chochote, akajitolea kwenda kuitiisha ile laptopu. Akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, ambacho, kwa mujibu wa amri za mtoto, ndicho cha kumzidisha paka, akabonyeza tena kwa ghadhabu, na kwa kuwa Scratch huruhusu hadi nakala 300 kwa wakati mmoja, nilipomfuata nilikuta kioo kizima ni masharubu na mikia, naye anawaamrisha, “Kimya!”

Mtoto akarudi na juzuu kwapani, akawabusu wazee mikono, akaingia chumbani, akagusa alama nyekundu, nyumba ikatulia. Kisha akatoka, akauliza mbele ya wageni ni nani aliyewazalisha paka wake.

Mwamu wangu akajibu kwamba umeme wa leo umekuja na nguvu mno.