Jinsi ya Kufuga Bwawa Bila Kumgharikisha Jirani

Hongera, mwenye bwawa! Umeziba kijito bondeni, pembezoni mwa Kisangani. Viti viko chini ya mwembe, na Jumapili wageni wanashuka kwenye toleka, zile baiskeli za abiria, kuja kuvua tilapia na kula liboke, samaki aliyepikwa ndani ya majani. Unadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo inapoanza.

1. Ijue mvua yako. Mji huu uko jirani na ikweta na hupata takriban milimita 1,700 za mvua kwa mwaka. Januari mbingu hupumzika kidogo. Oktoba na Novemba hulipiza. Basi matengenezo makubwa ni ya Januari. Anayetafuta koleo mwezi wa Oktoba amekwisha kuchelewa.

2. Maji yapewe njia. Adui mkubwa wa tuta la udongo ni maji yanayopita juu yake. Chimba mfereji mpana pembeni, kwenye ardhi ambayo haijawahi kuchimbuliwa, nusu mita chini ya kimo cha tuta, kisha uuoteshe nyasi. Waliojenga bwawa la umeme la mto Tshopo miaka ya 1950 hawakusahau njia ya mafuriko. Wewe usiisahau kwa ubahili. Wala usitege hapo wavu wa matundu madogo ili samaki wasitoroke. Usiku mvua italeta majani, wavu utaziba, maji yatapanda, na kukicha samaki wote wako kwa jirani, tuta limewasindikiza. Weka nondo zilizoachana, uzisafishe kila jioni ya mawingu.

3. Kivuli kibaki kando. Mti juu ya tuta ni mgeni mtamu mwenye mizizi mirefu. Ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija ambayo maji huifuata kama yamealikwa. Panda nyasi fupi, fyeka mara kwa mara, na mashimo ya kaa na panya uyachimbue, uyajaze udongo wa mfinyanzi, ushindilie barabara.

4. Tembea. Kila asubuhi, kabla ya chai, pita chini ya tuta upande mkavu. Ukiona maji safi yanachuruzika, chomeka kijiti na uangalie kama yanaongezeka. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani: shusha kina cha bwawa kwanza, fundi umwite baadaye. Methali ya ufa na ukuta ilitungiwa wenye nyumba. Mwenye bwawa hupewa usiku mmoja tu.

5. Punguza ukarimu. Pumba za mpunga zikimwagwa gunia zima, zinaoza na kula hewa ya maji. Alfajiri utawakuta samaki wakitweta juu. Magugumaji nayo, pamoja na ua lake zuri la zambarau, yaache mtoni. Kingo zenye majani mengi ni kitalu cha mbu.

6. Watu kwanza. Zungushia uzio, kwani mtoto haogopi maji yaliyotulia. Mabwawa mengi ya mabonde yetu yamefuatana kwenye kijito kimoja: lako likipasuka, la chini halitasimama. Bwawa ni lako, kijito ni chetu sote. Kabla ya kufungua maji, tuma mtu akamwarifu jirani wa bondeni, na siku ya mavuno umpelekee samaki wake.