Jinsi ya Kupasua Tairi Kabla ya Kufika Newala

Mwongozo huu ni kwa madereva wa Lulindi, Masasi na Newala ambao wamechoka kufika salama. Hauhitaji misumari barabarani wala mashimo, ingawa vyote vikipatikana si haba. Unahitaji vitu viwili tu, ambavyo kwetu havina bei: jua na ubishi.

Hatua ya kwanza: pima upepo mchana

Usithubutu kupima alfajiri. Mwezi wa sita na wa saba, kusi inapovuma pale juu Newala na watu wametinga makoti mpaka saa tatu, tairi lililolala usiku kucha limepoa kabisa. Ukilipima wakati huo litakueleza ukweli, na ukweli utakuharibia safari.

Toka Lulindi baada ya chakula cha mchana, kanyaga mafuta mpaka Masasi, ukifika lamini usipunguze mwendo, kisha simama kwa fundi tairi saa nane kamili. Hapo geji itasoma namba ya kutisha, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Sababu yake aliifuatilia Mfaransa Guillaume Amontons zaidi ya miaka 300 iliyopita, kabla hata gari halijabuniwa. Hewa iliyofungiwa mahali ikipata joto, chembe zake hukimbia zaidi na kugonga kuta kwa nguvu zaidi. Tairi halipanuki kiasi cha kuipa nafasi, kwa hiyo msukumo unapanda. Tuseme alfajiri ni nyuzi 17 za Selsiasi na umejaza pauni 32. Gari likikaa tu kivulini mpaka mchana wa nyuzi 32, geji itasoma zaidi ya pauni 34. Ukiliendesha, mpira ukajikunja na kusuguana na barabara mpaka hewa ya ndani ikafika nyuzi 57, geji itasoma 38. Pauni sita zimeongezeka na hakuna aliyegusa pampu.

Ukitaka mkanganyiko zaidi, egesha ubavu mmoja juani na mwingine chini ya mkorosho. Matairi ya upande wa jua yatasoma zaidi ya wenzao. Mwambie fundi ayasawazishe hapo hapo, na kesho asubuhi gari litaanza kuvuta upande mmoja.

Hatua ya pili: mruhusu fundi akupunguzie

Kijana atainama, atachomeka geji, atainua uso.

"Bosi, zimejaa sana hizi. Nikupunguzie?"

Jibu sahihi ni "Punguza, mdogo wangu," huku ukiangalia simu. Atabonyeza valvu kwa ncha ya bisibisi, upepo utapiga mluzi, na geji itarudi kwenye 32. Mtaagana kwa furaha.

Ulichofanya ni kumwaga upepo wa halali. Tairi likipoa usiku huo na kurudi kwenye nyuzi 17, zile pauni 32 za moto zitakuwa 26 na ushei. Utaamka na tairi lenye njaa na hutajua, kwa sababu wewe hupimi alfajiri.

Pauni 26 zina historia yake. Agosti 2000, nchini Marekani, kampuni ya Firestone iliagiza matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Kashata zilikuwa zinabanduka gari likiwa mbioni, na watu zaidi ya 200 walikufa. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Matairi yenyewe yalikutwa na kasoro, lakini ubishi mkubwa kati ya kampuni hizo mbili ulikuwa juu ya upepo: Ford iliwaagiza wateja wajaze pauni 26. Wewe utazifikia bila kuagizwa na kampuni yoyote.

Hatua ya tatu: amini kwamba tairi laini ni tairi poa

Huu ndio moyo wa mwongozo. Dereva mwoga hudhani tairi hupasuka kwa sababu limejaa. Mwache na imani hiyo, itatusaidia. Tairi zima linabuniwa likijua litapata moto. Zile pauni za ziada za mchana zilishapigiwa hesabu kiwandani. Ambacho halikubuniwa kukivumilia ni kupungukiwa upepo. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea kila linapokanyaga chini, ubavu wake unajikunja na kujikunjua mamia ya mara kwa dakika, na kama waya unaokunjwa mara nyingi mahali pamoja, linapata moto kisha linachoka. Nyuzi zilizo ndani ya mpira zinaanza kuachana. Kwa nje huoni kitu, gari linateleza vizuri, hata makorongo huyasikii. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Ukipunguza upepo ili tairi lipoe, basi, umelipa sababu ya kuzidi kupata moto.

Hatua ya nne: subiri msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba joto linakaza kabla ya mvua, minada inaanza, na malori yanazoa magunia kutoka vyama vya msingi kupeleka maghala makuu. Mzigo mzito, barabara ya vumbi, jua la utosi: mwanafunzi wa mwongozo huu hapati darasa bora zaidi.

Tairi la Fuso lililojazwa pauni 100 asubuhi, kwa hesabu ile ile ya nyuzi 17 mpaka 57, litasoma karibu 116. Utingo mgeni akiliona atakimbilia valvu. Mpongeze. Akilirudisha kwenye 100 likiwa la moto, kesho litaamka na 86, na magunia hayajapungua hata moja.

Jihadhari tu na utingo mzoefu. Huyo utamkuta asubuhi na mapema na kipande cha nondo, anagonga tairi moja moja na kutega sikio. Lililojaa linadunda na kulia. Lililopungua linatoa sauti ya kigunia. Anapofika nyuma, yanakofungwa mawili mawili, haridhiki na la nje. Anaingiza nondo mpaka la ndani.

"Mzee, hili la ndani limelala."

Ukisikia maneno hayo, jibu kwamba mnada haumsubiri mtu, washa gari, ondoka.

Hatua ya tano: mambo madogo madogo

Ukikutana na mchanga mzito, punguza upepo ili tairi litandae na kupita. Hiyo ni mbinu halali. Ufundi wetu ni kusahau kuurudisha ukifika barabara ngumu, kisha ukaongeza mwendo.

Usifungue mlango wa dereva kusoma kile kibandiko kinachotaja upepo wa gari lako. Soma namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha tairi lenyewe na haijui limefungwa kwenye gari gani.

Unaponunua tairi la mtumba, tazama kashata tu. Zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ziache. 3214 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2014, na nani anataka kujua umri wa mgeni?

Ukiambiwa naitrojeni haijui joto, toa hela. Hewa unayovuta bure ina naitrojeni asilimia 78, na zote mbili hupanda kwa joto kwa kanuni ile ile.

Kama gari lako lina ile taa ya njano yenye alama ya mshangao, itegemee kwa kila kitu. Marekani waliifanya ya lazima kwa magari mapya baada ya mkasa wa Firestone, lakini kwa kawaida huwaka upepo ukishapungua robo nzima. Kwa tairi la pauni 32 ina maana 24. Zile 26 zako zitapita mbele yake bila salamu.

Onyo

Mwongozo huu haufanyi kazi kwa dereva mwenye geji yake mwenyewe. Huyo hupima asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kuegesha kivulini kwa muda wa saa tatu. Hujaza kiasi kilichoandikwa mlangoni, hakosi kupima tairi la akiba, na geji ikipanda njiani huiacha ipande. Akikuta tairi la moto limepungua, huongeza upepo, kisha hupima upya likipoa. Mtu wa namna hiyo hatumwezi. Atafika Newala na atarudi. Ukitaka kuwa kama yeye, anza kesho alfajiri.