Karai la Mkwe

Kwa miaka mingi mama yangu mzazi alikuwa mshukiwa. Hakuna aliyemtamkia neno, ila ushahidi ulikuwa ukijipanga wenyewe. Mume wangu akiwa nyumbani kwetu hapa Mjimwema, Songea, akila ugali na maharage, kande au mihogo ya kuchemsha, ni mzima. Akienda kusalimia ukweni, anarudi tumbo limevimba na usiku halali, kazi ni kwenda chooni na kurudi. Siku moja wifi yangu mkubwa alisema, macho yake yakiwa kwenye sufuria, "Kuna watu wana mikono mizito." Nilimsikia. Alitaka nimsikie.

Kumbe ubaya wote ulikuwa ndani ya heshima. Mama hawezi kumwekea mkwe ugali, ni aibu. Mkwe akija anachinjiwa kuku na kusukumiwa chapati, na asubuhi chai haiji bila maandazi. Sherehe nazo ni hivyohivyo. Ruvuma ni mkoa wa mahindi. Siku za kawaida mtu anaweza kumaliza mwezi mzima asiguse ngano, na hata asijue kwamba hajaigusa. Ikifika Krismasi, harusi au sendoff, ngano inaingia kwa fujo: chapati, sambusa, keki, tambi. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na afya wakati hatuna hela, na akaugua kila tulipojikakamua kufurahi.

Alitibiwa minyoo, amiba, taifodi na vidonda vya tumbo, kila kimoja kwa zamu yake, kisha wakarudia. Damu ikapungua, akameza vidonge vya madini ya chuma bila faida. Mwisho akampata daktari mmoja kijana, aliyemuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: unaumwa zaidi siku za kawaida au siku za sikukuu? Akamtuma Dar es Salaam, na akamwagiza asiache chapati mpaka vipimo viishe, maana ukiiacha ngano mapema kipimo kinaweza kusema huna kitu. Nadhani ndiye mgonjwa pekee Songea aliyeandikiwa chapati na daktari. Alizila huku analia.

Damu ikapimwa kingamwili, kamera ikashushwa mpaka utumbo mwembamba, ikakatwa nyama kidogo. Jibu likawa seliaki. Kwenye ngano, shayiri na rai kuna protini iitwayo gluteni. Ikimfikia mwenye ugonjwa huu, kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, inaharibu vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula. Mtu anakula na bado anakosa damu. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya mia duniani anao, na wengi hawajijui. Dawa hakuna. Ni kuacha, maisha yote.

Tuliporudi, yule daktari alitusimulia habari ya Uholanzi, na mama mkwe naye akiwepo. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, vita ikiwa mwishoni, Waholanzi walikosa mkate mpaka wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Daktari wa watoto, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Akaona watoto aliokuwa akiwatibu tumbo wanapata nafuu katikati ya njaa, na mkate uliporudi wakaanza kuugua upya. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya hilo.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni chapati?"

"Ni chapati, mama."

Akafikiri. "Basi siyo mama yake huyu." Akanielekeza kidole, akaomba maji ya kunywa. Sikudai msamaha mwingine, na hata leo sijaupata.

Mtihani wenyewe ulikuja na komunyo ya kwanza ya mtoto wetu mkubwa, Jumapili moja baada ya Pasaka. Kamati ilikaa sebuleni kwetu. Baba mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti kwa umri wake, alitangaza kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu na haujafika Songea. Akaambiwa umefika, umekaa hapo kwenye kiti. "Sasa atakula nini?" Mama yangu akamjibu kwamba atakula wali, nyama, ndizi, maharage, ugali wa mahindi, wa ulezi au wa muhogo, na mchicha. Baba mkubwa akasema hicho si chakula cha mgonjwa, hicho ni chakula.

Kilichomgeuza kabisa ni vinywaji. Bia inatoka kwenye shayiri, kwa hiyo mume wangu haruhusiwi. Ulanzi ni maji ya mwanzi tu. Komoni ni mahindi na kimea cha ulezi. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni ugonjwa wenye akili," akapendekeza kreti zipunguzwe na madumu ya ulanzi yaongezwe. Likapita bila kura.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Hostia ni ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003 inasema isiyo na gluteni kabisa haifai kwa ibada, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Paroko wetu aliandaa kikombe kidogo pembeni, kwa sababu kile cha padre hudondoshewa kipande cha hostia. Basi mtoto akapokea mkate, baba yake akapokea divai. Nyuma yangu mama mmoja wa jumuiya akanong'ona kwamba siku hizi kumbe ukichangia vizuri unapewa na kikombe.

Nyumbani kulikuwa na jiko la pembeni, sufuria yake na mwiko uliofungwa utepe mwekundu, na mama yangu amekalia kigoda akilinda. Alimdaka mpishi wa kukodi akiwa ameshika unga wa ngano, tayari kuukorogea kwenye mchuzi wa nyama uwe mzito. Vitumbua akavikataa pia, maana kwenye mchele walikuwa wametia ngano kidogo vishikane. Ilifika saa ya keki. MC akamwita baba alishwe na mwanawe, watu wakapiga vigelegele, mtoto akainua uma huku mkono unamtetemeka. Mume wangu akafumba mdomo. MC akaanza, "Jamani, baba anaogopa keki!" Mama mkwe akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akaja polepole, akaimeza ile keki yeye. "Ya huyu nakula mimi," akasema kwenye maikrofoni. Akashangiliwa kuliko mtoto.

Tukadhani tumevuka.

Usiku wa manane nyumba ilikuwa imejaa wageni, sebule nzima ni mikeka na miguu. Mume wangu akatoka chumbani ameshika tumbo, gizani, akaruka shangazi, akaruka watoto, akamkanyaga baba mkubwa. Baba mkubwa, ambaye ulanzi ulikuwa bado unamzungusha, akapiga kelele, "Mwizi!" Mjimwema nzima inajua kazi ya neno hilo. Majirani walifika na marungu na tochi, wakamkuta mwenye nyumba chooni, akijibu kwa unyonge kwamba ni yeye.

Asubuhi kukawa na baraza. Nilimwona wifi akimtazama mama yangu, nikasikia damu inanipanda. Mama wala hakujitetea. Alianza kuuliza chakula kimoja baada ya kingine, nani alipika, kwa chombo gani. Wali, wa jiko la pembeni. Nyama, ya jiko la pembeni. Mihogo ya kukaanga?

Kimya.

"Niliikaanga mimi," wifi akasema. "Anaipenda tangu utotoni. Na muhogo hauna ngano."

"Kwa karai lipi?"

Lilikuwa lile lililokaanga sambusa na maandazi tangu alfajiri, mafuta yaleyale, chengachenga zikielea. Wifi akafunika uso kwa kanga. Baba mkubwa akamtoza kuku mmoja, kisha akajitoza mwenyewe dumu la ulanzi kwa kumwita mwenye nyumba mwizi.

Wiki hiyohiyo mama yangu alinunua karai jipya, akaliandika MKWE kwa rangi ya kucha. Mama mkwe alipoliona hakusema kitu. Akaenda sokoni, akarudi na lake, kubwa zaidi, limeandikwa MWANANGU. Sasa wanabishania Krismasi ataila kwa nani, na mimi, ambaye chapati naziweza bila tatizo lolote, sina karai la kukaangia samaki.